Lisiloponywa Huuguzwa: Wagonjwa wa Ini na Chupa za Mitishamba

Waswahili wamelitaja ini katika mambo mazito ya nafsi. Mtu akitupiwa neno la kumchoma husema limemkata maini. Aliyependwa jana na leo hatakiwi huambiwa ametumbukia nyongo, na nyongo hiyo makao yake ni chini ya ini. Walakini, pamoja na kulitaja kote huko, ini lenyewe tunalijua kidogo. Halipigi kama moyo, wala halikohoi kama pafu. Laweza kuliwa polepole kwa miaka 20 au 30 na mwenyewe yumo kazini, anakula na kucheka na wenziwe. Siku litakaposema, husema kwa macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, na aghalabu siku hiyo huwa kumekuchwa.

Hata majina ya maradhi yake tumeyachanganya. Mgonjwa mwenye macho ya manjano husema ana homa ya manjano, ilhali homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu. Wazee wa pwani husema safura. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni nyongo ya manjano, mojawapo ya tabia nne za mwili walizozisomesha matabibu wa kale kama Ibn Sina. Lakini leo ukimtajia daktari safura, atafahamu upungufu wa damu uletwao na minyoo. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa huitwa homa ya ini, nao una aina zake.

Mimi si tabibu, msomaji mpenzi. Kazi yangu ni maneno. Lakini katika mitaa ya Kibera na Kawangware, hapa Nairobi, nimeona kwa macho yangu kwamba neno moja lisilofasiriwa laweza kumtoa mgonjwa hospitalini na kumtia mikononi mwa mwuza chupa.

NENO LILILOMTOA HOSPITALINI

Ninaye ndugu niliyesoma naye chuoni huko pwani, tukakaa mkeka mmoja mbele ya maalim mmoja. Leo ni fundi cherehani mtaa wa Makina, Kibera. Jina lake nalihifadhi. Alikwenda kutoa damu kwa ajili ya jamaa aliyekuwa akipasuliwa, na damu yake ikapimwa, kama inavyopimwa damu yote ya kutolewa. Akaitwa kando, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Akauliza dawa yake ni ipi. Akajibiwa, "Hakuna dawa. Rudi baada ya miezi sita."

"Ndugu yangu," aliniambia jioni ile, "mtu akikwambia nyumba yako inawaka moto, kisha akakwambia rudi baada ya miezi sita, wewe utakaa?"

Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Nilikwenda kuuliza kwa wenye ujuzi, na hili ndilo nililorudi nalo. Kiswahili chetu kina maneno matatu yanayokaribiana bila ya kuwa sawa: kuna kutibu, kuna kuponya na kuna kuuguza. Ni kweli kwamba homa ya ini aina ya B, ikishakaa mwilini na kuwa ya kudumu, haina dawa ya kuiponya ikatoka kabisa. Lakini dawa ya kuitibu ipo. Inaitwa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, na ndicho kidonge kinachotumiwa pia na wagonjwa wa UKIMWI pamoja na dawa nyingine. Kazi yake ni kuvizuia virusi visizaane, ili ini lipate kupumua.

Si kila mwenye virusi hivyo anakihitaji kidonge hicho papo hapo. Wako wanaoishi navyo miaka mingi na ini lao ni zima. Ndiyo sababu mtu hupimwa mara kwa mara, ili ijulikane ni wakati gani ini linaanza kuumia. Basi yale maneno "rudi baada ya miezi sita" yalikuwa ndiyo matibabu yenyewe! Msemaji alikusudia "hakuna dawa ya kuponya, lakini tutakuangalia", na msikilizaji akasikia "nenda ukafe".

Wala si watu wachache wanaoambiwa maneno kama hayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B ya kudumu. Hapa kwetu Afrika wengi waliambukizwa utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao. Katika watoto wachanga 10 walioambukizwa, takriban 9 hubaki na virusi maisha yao yote, lakini mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda wenyewe. Kwa hiyo yule fundi wa miaka hamsini na kitu huenda amekuwa na mgeni huyu tangu siku za mkeka wetu wa chuoni.

KOMBE, HABBA SODA NA WEMBE

Kibera ilianzwa na askari wa Kinubi walioletwa na serikali ya Kiingereza, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Msitu ule umekwisha, lakini dawa za msitu zingaliko. Kutoka Makina hadi soko la Toi utakuta magome, mizizi, unga wa majani na chupa za kila rangi. Mjaluo atakuuliza kama umeonja manyasi, Mmasai atakutolea gome la osokonoi, ambalo Mkikuyu hulijua kwa jina la muthiga, na sisi watu wa pwani tutakwambia mwarobaini, mti ambao jina lake tu ladai kutibu maradhi arubaini.

Ndugu yangu alianza na la nyumbani kwetu. Alikwenda kwa maalim, akaandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, akanywa. Mimi niliyelelewa kwa kombe sitalikejeli. Kisomo kilimpa usingizi aliokuwa ameukosa tangu siku ya ile habari, na usingizi kwa mgonjwa si kitu kidogo. Maalim yule mwenyewe hakumwambia aache hospitali. Baada ya hapo ikaja habba soda, iliyosifiwa katika hadithi za Mtume na katika vitabu vya tiba vinavyouzwa nje ya misikiti. Akawa anaitafuna asubuhi kwa asali.

Hatari ilianza pale alipoambiwa kwamba damu yake ni chafu na yapasa kutolewa. Wapo wanaoumika kwa usafi, kila mtu na wembe wake mpya, na vikombe vyao husafishwa inavyotakiwa. Alikopelekwa yeye hakukuwa hivyo. Wembe uliomchanja mgongo ulikuwa ndio uliomchanja aliyemtangulia, na ndio uliomngoja aliyekuwa nyuma yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Fikiri basi, msomaji: watu wamekuja kutafuta tiba ya ini, na wembe ule ule unawagawia ugonjwa wa ini!

CHUPA YA KAWANGWARE

Mwezi wa tatu akasikia habari za mtu wa Kawangware anayetibu ini. Tulikwenda pamoja siku ya Jumamosi. Kutoka Kibera unatokea Barabara ya Ngong, unapita hadi Kona ya Dagoretti, kisha unaingia Barabara ya Naivasha, na matatu inakufikisha katikati ya Kawangware, penye mikokoteni ya mboga, mahindi ya kuchoma na wahubiri wa kila aina. Mtu wetu alikuwa na kipaza sauti juu ya mkokoteni na mitungi ya plastiki iliyojaa maji ya rangi ya kahawia. Alitaja sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uzazi, kisha ini. Yote kwa mtungi mmoja.

Nilimwuliza kuna mti gani ndani. Akacheka na kunijibu, "Mzee, hiyo ni siri ya babu yangu." Bei ya chupa ilishinda kazi ya siku tatu ya fundi cherehani, naye alitakiwa anunue chupa moja kila wiki. Nilimsihi aiache. Akaniambia neno ambalo halijanitoka moyoni: "Huyu angalau amenambia dawa ipo."

Aliinywa wiki saba. Wiki ya nane mkojo ukawa kama chai ya rangi, hamu ya chakula ikamtoka, na mkewe akayaona macho yake yamegeuka manjano. Mwuza chupa akamwambia ni uchafu unatoka, aongeze kipimo.

Jirani mmoja ndipo alipotuelekeza kwa mama mmoja mzee, huko huko Kawangware, mwenyeji wa magharibi ya Kenya, anayejulikana kwa dawa za tumbo na kikohozi. Tulidhani tunakwenda kupewa chupa nyingine. Mama yule akamvuta ukope, akambonyeza chini ya mbavu za kulia, akauliza kadi ya hospitali iko wapi. Kisha akasema, "Mwanangu, hili si la majani yangu. Majani yangu ni makali hata kwa ini zima. Mpelekeni kwa daktari leo, na hiyo chupa mwende nayo aione." Hakutaka hata shilingi moja.

Naandika haya ili asije mtu akadhani kwamba nawalaani waganga wote. Kawangware ile ile iliyotuuzia chupa ndiyo iliyotuonyesha njia.

KILA KINYWEWACHO HUPITIA INI

Sababu ya ule ukali aliousema mama yule si ngumu kuifahamu. Ini ndilo jiko na ndilo chujio. Chakula, pombe, kidonge cha hospitali na maji ya gome, vyote hupitia hapo kabla ya kuenea mwilini. Dawa ikiwa na sumu, ini ndilo linaloipokea mwanzo.

Wataalamu waliowachunguza watu wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, walichapisha mwaka 2012 kwamba matumizi ya baadhi ya mitishamba yaliandamana na ini lililoanza kukakamaa. Huko Tigray, Ethiopia, kuanzia mwaka 2001 watu wa vijijini waliugua tumbo la maji wakafa, na baada ya uchunguzi mrefu ikaonekana nafaka yao ilichanganyika na mbegu za magugu yenye sumu ya ini. Hata mwarobaini wetu una mipaka yake: mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliodhurika vibaya, ini likiwemo, baada ya kunyweshwa mafuta yake.

Kuna na dawa nyingine ambayo haikuonyesha madhara, wala haikuleta nafuu. Dawa ya mmea mmoja wa Ulaya, iitwayo silymarin, husifiwa sana kwa ini. Mwaka 2012 uchunguzi wa Marekani kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu.

Walakini mti si uongo. Dawa ya malaria iitwayo artemisinin ilitoka katika mmea wa Wachina, na Bibi Tu Youyou aliyeifichua alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea ule ulipimwa, ukajulikana kiasi chake na madhara yake. Chupa ya "siri ya babu" haina kiasi wala jina, na mtu akidhurika, daktari hajui aanzie wapi.

Tena, maradhi ya ini si maradhi mamoja. Aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria au aliyelima mpunga Mwea huenda ini lake limeharibiwa na kichocho, na kichocho kina dawa yake, praziquantel. Mwenye homa ya ini aina ya C leo huponywa kabisa kwa vidonge vya majuma 8 hadi 12. Aliyeharibiwa na chang'aa, tiba yake ya kwanza ni kuiacha. Kuna na sumu ya kuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu: mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki ya Kenya, na anayeila kidogo kidogo huku ana virusi vya aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini. Milango ni mingi, na kila mmoja una ufunguo wake. Basi chupa moja itaifunguaje yote? Na bila kupimwa, nani ajuaye mgonjwa amesimama mlango gani?

LAWAMA SI YA UPANDE MMOJA

Watu husahau haraka. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakanywe kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania. Wakenya nao walikuwamo. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Wapo na walioacha vidonge vyao kwa kuamini wamepona. Mchungaji mwenyewe alifariki mwaka 2021. Wengi waliwacheka waliokwenda. Mimi sikucheka, maana watu wale walikuwa wakilitafuta neno lile lile alilolitafuta fundi wangu: kwamba dawa ipo.

Hospitali nayo ina historia yake. Huko Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwachoma wananchi sindano za kichocho, na sindano zilizorudiwa bila kusafishwa barabara zikaeneza homa ya ini aina ya C nchi nzima. Ni wembe wa Kibera huo, ila huu ulivaa koti jeupe. Misri ilikuja kuwapima mamilioni ya watu wake kuanzia mwaka 2018 na kuwapa vidonge vya kuwaponya.

Hapa Kenya waganga wa mitishamba kwa miaka mingi waliandikishwa na idara ya utamaduni, kana kwamba dawa ni ngoma. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliwaweka upande wa afya, ikataka tiba ya asili isimamiwe kama tiba. Hilo ni jambo jema. Na haitupasi kwenda mbali kutafuta wataalamu: taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambayo makao yake si mbali na Kibera, inacho kituo cha kuchunguza dawa za asili.

Tulipomfikisha fundi hospitalini, daktari alimwuliza ametumia nini. Akanyamaza. Nilimwona akiona haya, kama mtoto aliyekamatwa na maembe ya watu. Nikaitoa ile chupa mfukoni nikaiweka mezani. Daktari hakumkaripia. Akasema, "Umefanya vizuri kuileta." Akaizuia chupa, akampima, na baada ya majuma kadhaa manjano yakaondoka. Vipimo vilipoonyesha kwamba ini limeanza kukakamaa, ndipo akaanzishwa tenofovir. Mkewe alipimwa akakutwa salama, akadungwa chanjo mara tatu. Watoto walikuwa wameipata zamani kliniki, kwa kuwa chanjo hiyo imo katika sindano za watoto wachanga wa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kilichobaki ni fedha. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kidonge hicho chaweza kununuliwa kwa dola 2.4 hivi kwa mwezi, ingawa nchi nyingi hulipa zaidi. Ndugu yangu alipiga hesabu yake mwenyewe: vidonge vya miezi mingi havifiki gharama ya chupa zake za wiki saba.

Aliniomba nimtungie ubeti wa kuubandika ukutani mwa duka lake, wateja wausome wakingoja nguo zao. Nao ni huu:

Nenda kwanza wakupime, ujue lilo mwilini,
Kwa aibu usikwame, taja ulonywa chupani,
Vidonge usivihame, japo ni vya maishani,
Lisoponywa huuguzwa, mtu akawa nyumbani.

Kwa madaktari na wauguzi ninalo ombi moja. Mkimwambia mtu hakuna dawa, malizeni sentensi. Mwambieni dawa ya kuponya haijapatikana, lakini ya kuzuia ipo, na kwamba ile miezi sita ni ya kumlinda, si ya kumfukuza. Ni maneno machache, hayana bei, na yangalimwokoa fundi wa Makina na wembe wa Kibera na chupa ya Kawangware.